Daraja lisilo na nondo

Ukitaka kujua halmashauri inavyofikiri kuhusu barabara, weka kando mpango mkakati wake. Omba orodha za vipaumbele vya vijiji za miaka kumi iliyopita, kaa nazo kivulini, uzisome kwa mfululizo. Nimewahi kufanya kazi ofisi ya mipango ya halmashauri moja magharibi mwa Tanzania, na orodha hizo zilitua mezani kwangu kila msimu wa bajeti. Zahanati ikishapauliwa hutoka kwenye orodha. Darasa likishaezekwa hutoka. Kalavati halitoki. Linaombwa, linajengwa, linabebwa na maji, linaombwa tena: mto uleule, kitongoji kilekile, na wakati mwingine mwandiko wa mtendaji yuleyule.

Kwenye taarifa za mwaka kila ujenzi huo huhesabiwa kama mradi mpya. Mto mmoja unaweza kuipa halmashauri mafanikio matatu ndani ya miaka kumi.

Tangu Julai 2017 barabara za wilaya ziko mikononi mwa TARURA, wakala ulio chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Kabla ya hapo mhandisi wa barabara alikuwa mtumishi wa halmashauri na alikaa nasi jengo moja. Siku hizi meneja wa TARURA wa wilaya huja kwenye baraza la madiwani kueleza mpango wake, waheshimiwa wanamhoji mpaka jasho linamtoka, kisha kila mtu anarudi kwenye ukomo wa bajeti uliokwisha kupangwa. Simwonei wivu. Mtandao anaosimamia wakala huo nchi nzima unazidi kilomita 144,000, na sehemu kubwa ni udongo mtupu. Kwa miaka mingi fedha za Mfuko wa Barabara ziligawanywa asilimia 70 kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu, na 30 kwa barabara za wilaya. Mwaka 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwenye kila lita ya mafuta kwa ajili ya barabara hizi za chini, na unafuu ulionekana. Hata hivyo hakuna hesabu yoyote, ya Dodoma wala ya mfadhili, inayoweza kutandika lami kilomita hizo zote katika maisha ya mtu anayesoma makala hii.

Kwa hiyo swali la kupanga ni dogo kuliko tunavyolifanya. Barabara ya kijijini hufungwa pale inapokutana na maji. Kilomita ishirini za udongo uliochongwa vizuri na greda, zenye kivuko kimoja kilichokatika, ni barabara iliyofungwa. Kilomita ishirini za mashimo na mawe, zenye vivuko vyote vizima, zitampitisha mama mjamzito kwenye bodaboda. Atalalamika njia nzima, lakini atafika. Ningekuwa na uwezo, ningegeuza mpangilio wa matumizi: vivuko kwanza, mifereji ya pembeni pili, uso wa barabara baadaye. Madiwani wengi hawalipendi wazo hili kwa sababu mpiga kura huona greda, haoni mfereji.

Dawa tuliyoizoea ni bomba la zege lenye kipenyo cha sentimita 90. Lipo kwenye michoro, lipo kwenye makadirio, kila mkandarasi analijua. Chukua kalamu kidogo. Tundu la bomba hilo lina eneo la mita za mraba 0.64 hivi. Sasa fikiria mto wa vilimani mwezi Machi, mvua imenyesha usiku kucha. Hauleti maji peke yake. Huleta migomba iliyong'oka, magogo, mabua, na godoro la mtu. Mgomba mmoja ukikaa kimshazari mdomoni mwa bomba, kazi imekwisha. Maji hupanda, huvuka juu ya barabara, huanza kula tuta kutoka upande wa chini, na kukipambazuka bomba limelala katikati ya mto likiwa zima kabisa, barabara haipo. Watu husema mkandarasi kachakachua saruji. Mara nyingine ni kweli. Lakini nimeyaona mabomba mengi yaliyong'olewa yakiwa hayana hata ufa, na hilo linaniambia zege halikuwa na kosa. Tundu lilikuwa dogo.

Chora sasa nusu duara yenye upana wa mita 3 chini. Eneo lake ni mita za mraba 3.5. Ni zaidi ya mabomba matano, na tena kwa tundu moja lisilo na kuta za katikati za kunasa magogo. Mgomba unapita wote.

Nusu duara hiyo inaweza kujengwa kwa mawe bila nondo hata moja.

Uganda walitutangulia. Wilayani Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, ambako mito hushuka kwa hasira na mawe yamejaa kila mahali, serikali ya wilaya ilijenga madaraja ya tao la mawe ikisaidiwa na shirika la maendeleo la Ubelgiji. Ujuzi huo ukavuka mipaka. Mkoani Kigoma uliingia kupitia mradi wa kilimo wa Wabelgiji haohao, kwa sababu ambayo inaeleweka haraka: hakuna maana ya kumfundisha mkulima wa Kasulu kuzalisha maharage mengi kama lori haliwezi kufika kuyachukua. TARURA wakaipokea mbinu hiyo, wakaipeleka mikoa mingine, na leo wanaitangaza wenyewe. Wanasema gharama hushuka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na daraja la zege la ukubwa huo. Nimeyaona makadirio ya namna zote mbili, na siwezi kubishana nao.

Sababu za unafuu ziko kwenye jiwe lenyewe. Jiwe lina nguvu kubwa likibanwa na ni dhaifu likivutwa au kupindwa. Ukilaza bamba la jiwe refu juu ya mto kama ubao, upande wa chini huvutwa, nalo hukatika. Zege nalo lina udhaifu huohuo. Ndiyo maana tunalitia nondo, zibebe mvuto. Tao hukwepa tatizo zima. Uzito wa lori ukishuka juu yake, kila jiwe humsukuma jirani yake, msukumo hutembea kwenye mviringo hadi kwenye misingi ya pande mbili, na hakuna jiwe linalovutwa. Ni kama wazee wawili walioegemeana migongo: kila mmoja anasimama kwa sababu mwenzake yupo. Uzito ukizidi kidogo, mawe hubanana zaidi. Na pasipo nondo hakuna kutu, ile kutu inayovimba ndani ya zege na kulipasua polepole wakati wewe juu umepaka chokaa na kuandika mwaka wa ujenzi.

Ujenzi wake nao hauna siri. Unachimba hadi ukute mwamba au ardhi ngumu isiyobonyea, unajenga misingi ya mawe, kisha unatengeneza umbo la nusu duara la kushikilia mawe kwa muda, la miti na mbao, au hata la mawe makavu na udongo uliochongwa vizuri pale ambapo mto umekauka. Umbo hupimwa kwa kigingi na kamba. Mawe hupangwa kutoka pande zote mbili kwa pamoja. Ukienda upande mmoja haraka kuliko mwingine, umbo linaegemea na tao linatoka limepinda. Mawe ya juu kabisa yakishakaa, tao linafungwa. Unaliacha likomae, unatoa umbo, unajenga kuta za pembeni na mabawa ya kuelekeza maji, unajaza udongo na changarawe juu na kushindilia. Udongo huo wa juu una kazi: hutawanya uzito wa gurudumu kabla haujalifikia jiwe.

Fundi mmoja mzee, mwashi aliyejenga makanisa na nyumba za walimu maisha yake yote, aliwahi kunicheka nilipouliza kama vijana wake wangeweza kusoma mchoro. "Bwana Mipango, mchoro wasome nyinyi. Mimi nipe upana na kimo cha maji ya mwaka ule mabaya." Kisha akaniuliza swali ambalo mhandisi mshauri aliyelipwa mamilioni hakuwa ameliuliza: wazee wa hapa wanasema maji yalifika wapi? Tulikwenda tukamtafuta bibi mmoja anayelima kando ya mto ule. Akatuonyesha mwembe. Maji yalifika kwenye mwembe. Mchoro wa mwanzo ulikuwa umeyaweka chini ya hapo kwa zaidi ya kimo cha mtu.

Sitaki kusema bibi anatosha. Takwimu za mvua zina nafasi yake, na mhandisi lazima apime eneo lote linalomwaga maji mtoni, mteremko wake, na jinsi misitu ya juu inavyogeuka mashamba, maana mlima uliofyekwa humwaga maji haraka kuliko ule ambao bibi alikua akiuona. Lakini mito mingi ya wilaya zetu haijawahi kuwekewa kipimo chochote. Kumbukumbu ya mtu aliyekaa hapo miaka sabini ni data, na haina gharama.

Fedha nayo hutembea tofauti. Daraja la zege la Kigoma linahitaji nondo ambazo nyingi hutoka viwanda vya Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja. Halmashauri ikilipa, fedha zinapanda gari kurudi zilikotoka. Kwenye tao la mawe, sehemu kubwa ya malipo hubaki kwa waashi, wapasua mawe, wabeba mchanga, na akina mama wanaochota maji na kupika uji wa saa nne. Nimewaona wakipanga foleni ya malipo wakiwa tayari wamekwisha kuzigawa fedha hizo kichwani: ada, mabati, deni la duka. Kuna jambo moja ambalo makadirio mengi huliruka, nalo linaniudhi: miwani ya wapasua mawe. Chembe ya jiwe ikiingia jichoni hakuna wa kulipa. Bei yake ni ndogo, iandikwe tu kwenye karatasi.

Kama mambo ni mazuri hivi, kwa nini orodha za vijiji bado zimejaa kalavati zilezile? Kikwazo cha kwanza ni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Fedha zenyewe hufika Agosti au Septemba, mwaka mwingine baadaye zaidi. Zabuni hupita kwenye mfumo, hukaa siku zake, mkataba husainiwa Oktoba. Magharibi mwa nchi mvua huanza kunyesha mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili. Yaani tunampa fundi ruhusa ya kuchimba msingi mtoni wakati mto unajaa. Ikifika Mei maji yanapopungua, mwaka wa fedha unakaribia kufungwa na kila mtu anahaha kumaliza fedha zisirudi. Msingi unachimbwa kwa haraka, haufiki kwenye mwamba, na tao lenye msingi mbaya ni hatari kuliko bomba, kwa sababu tao linahitaji misingi isiyosogea hata kidogo. Misingi ikitengana, mawe yanalegea na ufa unatokea juu.

Dawa inajulikana. Usanifu, upimaji na ukusanyaji wa mawe ufanyike mwaka wa fedha mmoja, wakati wa mvua, vijana wakiwa na nafasi baada ya palizi. Ujenzi wa mtoni uanze Julai hiyohiyo ya mwaka unaofuata, mto ukiwa chini. Hilo linahitaji fedha ndogo ya maandalizi itengwe mwaka mmoja kabla ya mradi wenyewe. Nimejaribu kuitetea fedha hiyo kwenye vikao. Hujibiwa kwamba haina kitu cha kuonyesha.

Na kitu cha kuonyesha kina nguvu kubwa kwetu. Mwenge wa Uhuru hupita wilayani, hukagua, hufungua, huweka mawe ya msingi. Kalavati lililozibuliwa halijawahi kuwekewa jiwe la msingi. Sisemi Mwenge ni tatizo; wakaguzi wake wamewahi kuwaumbua wezi waliozoea. Nasema tu kwamba matengenezo hayana sherehe, na kitu kisicho na sherehe hupata fedha za mwisho.

Kikwazo kingine ni heshima. Mhandisi kijana aliyesoma zege darasani miaka minne anaona mawe kama kurudi kwa babu. Diwani anauliza kwa nini kata yake ipewe daraja la mawe wakati kata ya jirani ilipata la zege. Hapo ndipo ninapopenda kuwataja Kilwa. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulipanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, enzi za Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331. Majengo ya pwani yalikuwa na kizuizi kimoja: dari ya boriti za mikoko haiwezi kwenda mbali kuliko urefu wa boriti. Mafundi wa Kilwa walijenga pia kuba na matao ya matumbawe na chokaa, na sehemu yake imesimama hadi leo. Nchi hii imejenga matao kabla ya kuwa na saruji.

Mwaka 2024 mvua za El Niño zilifuatwa na kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei, na katika wilaya hiyohiyo ya Kilwa, eneo la Somanga, barabara kuu ya kusini ilikatwa na maji. Lindi na Mtwara zikatengana na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Ulinganisho huo nautumia kwa tahadhari: kuba la msikiti halijawahi kupigwa na mto, na barabara kuu ile inabeba malori ambayo hayana mfano katika karne ya 14. Ile ni barabara ya TANROADS na inahitaji madaraja marefu ya zege na chuma. Lakini aliyeniambia kwamba mawe hayadumu, namwambia apande boti aende kisiwani akajionee. Siku chache kabla ya kimbunga hicho kufika, Waziri Mkuu alikuwa amekwisha kulieleza Bunge kwamba mvua za msimu huo zimeua watu 155. Madaraja yetu yote madogo yalisanifiwa kwa mvua za zamani.

Kuna mahali ambapo sitaki kusikia habari ya tao. Bonde la Rufiji, penye mchanga na tope kina kirefu, huna pa kuegemeza misingi wala mawe ya karibu. Ukiyaleta kwa lori umefuta faida yote. Kwenye mbuga za udongo mweusi unaovimba na kupasuka, misingi itatembea. Mto mpana unaotaka upana wa mita thelathini, mwite mtu wa zege. Na pale ambapo maji hupita siku chache tu kwa mwaka, huenda kivuko cha kuzama, kile ambacho maji yanaruhusiwa kupita juu yake kwa saa mbili tatu, kinatosha kabisa na ni rahisi kuliko vyote. Ubaya wa kila mbinu nzuri ikishapata ufadhili ni kwamba inageuka kampeni. Wilaya zinaanza kuhesabiwa zimejenga mangapi, na siku moja utakuta tao la mawe limejengwa juu ya tope ili idadi itimie.

Mawe nayo hayaoti. Kilima kinachovunjwa bila mpango huacha shimo linalojaa maji na mbu, na watoto huzama humo. Halafu kuna mchanga. Watu huuchimba palepale chini ya daraja kwa sababu lori linafika kirahisi, na kila tripu inayoondoka inateremsha sakafu ya mto na kuukaribia msingi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na kila mwenyekiti wa kijiji anaijua namba hiyo kwa kichwa. Anajua pia kwamba ushuru wa mchanga ni mapato ya ndani ya halmashauri. Mkono mmoja unajenga daraja, mwingine unakata risiti ya mchanga uliotoka chini yake. Hapa mhandisi hana la kufanya. Ni kazi ya mkurugenzi na baraza kuamua machimbo yawe wapi, wakubali kupoteza ushuru kidogo.

Ningekuwa bado kwenye kiti kile, ningeongeza safu mbili kwenye jedwali la miradi. Ya kwanza: kivuko hiki kimejengwa mara ngapi hapa, kwa jumla ya shilingi ngapi? Mradi unaoombwa kwa mara ya tatu usipewe fedha za mchoro uleule. Ya pili: kikiharibika, nani aliye ndani ya kata hii anaweza kukitengeneza, na kwa vifaa gani? Kwa tao la mawe jibu ni waashi walewale waliolijenga, saruji mifuko kadhaa na mawe yaliyo jirani. Lakini jibu hilo huchakaa. Mafundi waliopata ujuzi huchukuliwa na miradi ya wilaya nyingine, kwa haki kabisa, wanafuata kazi. Vikundi vya vijana na wanawake ambavyo tayari hupewa kandarasi ndogo za kufyeka na kuzibua mitaro vinaweza kufundishwa ukaguzi na ukarabati wa mawe, na kulipwa kwa fedha za matengenezo ambazo TARURA huwa nazo kila mwaka.

Ukaguzi wenyewe ni mara mbili kwa mwaka, Oktoba kabla ya mvua na Mei baada yake. Mtu anashuka chini ya tao na tochi. Anaangalia kama kuna jiwe lililoshuka, kama chokaa ya viungo imeoshwa, kama maji yameanza kuchimba mguu wa msingi, kama kuna gogo lililonasa. Anapiga picha nne kwa simu, moja kila upande na mbili ndani, anamtumia mhandisi wa wilaya kwenye kundi la WhatsApp ambalo kwa sasa limejaa salamu za asubuhi na matangazo ya misiba. Shimo dogo kwenye mguu wa msingi likionekana Oktoba huzibwa na watu watatu kabla ya Jumapili.